Godoro la Mwajiri Bora

Mimi ndiye niliyekuwa nikitengeneza vyeti vya Mfanyakazi Bora wa Mwezi katika kampuni yetu ya malori, na naweza kusema bila wasiwasi, jambo ambalo kwangu ni nadra, kwamba mfanyakazi bora wa mwezi alikuwa ni yule ambaye zamu yake imefika. Tulizungushiana kama akina mama wa mchezo wanavyopeana vyombo kwa zamu. Mwezi huu dereva, mwezi ujao fundi, unaofuata mlinzi wa geti. Zamu yangu ilipofika nilijitengenezea cheti mwenyewe. Nilikichapa, nikaona mpaka wa rangi ya dhahabu umepinda kidogo upande wa kushoto, nikakichana, nikachapa kingine, nikakichana na hicho, mpaka mashine ikaanza kutoa herufi zilizofifia. Kesho yake Bosi akanikabidhi mbele ya wenzangu, wakapiga makofi, nami nikalia. Nilijua fika kile cheti kilivyopatikana, maana nilikipata mwenyewe kutoka kwenye mashine, na bado nililia.

Nalisema hili mapema ili ijulikane anayesimulia ni mtu wa aina gani.

Nilimalizia kidato cha nne kwetu Mtinko na matokeo hayakunipeleka popote. Kompyuta nilijifunza kwa kuangalia video kwenye simu, nikiwa sina hata kompyuta. Nilikuwa nachora vitufe vyake kwenye boksi la sabuni na kujizoeza vidole. Ndivyo nilivyoingia kazini kwenye yadi yetu, pembezoni mwa Mandewa, mjini Singida. Malori yanabeba mafuta ya alizeti, mashudu na vitunguu kwenda Dar es Salaam, yanarudi na saruji na mabati. Mimi naandika barua, nachapa hati za mizigo, napokea simu. Kwa kuwa kila nilichojua nilijifundisha, siku zote nilihisi kuna kitu ambacho wenzangu walifundishwa darasani na mimi kimenipita, na kwamba siku moja mtu ataingia ofisini aniulize hicho hicho.

Labda ndiyo maana nilipenda sana orodha. Wenzangu wakifungua simu kuangalia msimamo wa ligi, mimi nilifungua kuangalia waajiri bora. Kampuni za ndege, za meli, za mabasi, za malori. Picha za watu waliovaa sare safi, wote meno nje, wamesimama mbele ya magari yasiyo na tone la tope. Niliamini kila neno. Niliamini kuna watu mahali fulani wenye mizani ya kupima furaha ya dereva, wakaandika namba, wakapanga wa kwanza mpaka wa mwisho.

Kisha siku moja Bosi akanisogezea simu yake juu ya meza.

"Umeona hii? Mwajiri Bora wa Usafirishaji. Tumependekezwa."

"Na nani, Bosi?"

"Nani kivipi? Tumependekezwa."

Fundi wetu mkuu alikuwa amesimama mlangoni, anafuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. Yule mtu hana jambo asilolitania.

"Mwajiri bora," akasema. "Bora kuliko nani?"

"Kuliko kampuni nyingine," nikamjibu.

"Umewahi kufanya kazi kampuni nyingine?"

"Sijawahi."

"Na hao waliotupendekeza wamewahi kufanya kazi hapa?"

"Fundi," Bosi akasema, "kuna lori linakusubiri."

"Lipo, Bosi. Na lenyewe limependekezwa. Gari bora la kukaa juu ya mawe."

Nilimkasirikia Fundi siku nzima. Nilimwona mtu asiyependa maendeleo.

Kazi ya kujaza maelezo ya mashindano nikapewa mimi. Niliyaandika kwa raha ambayo siwezi kuieleza, mpaka nilipofika kwenye swali lililouliza kama kampuni ina chumba cha mapumziko ya madereva. Nikaenda kwa Bosi.

"Andika kipo," akasema.

"Kiko wapi, Bosi?"

"Andika kwanza. Kitakuwepo."

Wengine wangeandika wakaendelea. Mimi nilikwama hapo. Siyo kwamba ni mwema kuliko watu. Ni kwamba siwezi kuacha sentensi iliyokaa vibaya, na sentensi ya uongo naiona kama sahani iliyowekwa ukingoni mwa meza. Nikatoka nje kupata hewa. Upepo wa Singida ulikuwa ukivuma kama kawaida yake, mifuko ya saruji mitupu inafukuzana yadini, na chini ya trela moja, juu ya mkeka, alikuwa amelala Babu.

Babu alikuwa dereva mkubwa kwa umri kuliko wote. Alianza kumwendesha marehemu baba yake Bosi, halafu akaendesha malori yake, halafu ya Bosi. Nyumbani kwake ni Mitundu, mbali huko ndani kupita Itigi, kwa hiyo akirudi kutoka Dar es Salaam na akawa anasubiri mzigo mwingine, hakuwa na pa kwenda. Alilala chini ya gari, kama madereva wote wa mbali.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mke wangu," akanijibu, kama babu yeyote anavyomtania mjukuu. "Mbona umekunja uso? Nani kakulisha ndimu?"

Nikachuchumaa, nikamweleza habari ya swali lile. Alisikiliza akiwa anajigeuza pole pole, mkono kiunoni, maana mgongo ulikuwa umeanza kumsumbua.

"Chumba cha mapumziko," akarudia. "Unajua mke wangu, mimi kuendesha sijachoka. Kinachonimaliza siyo barabara, ni hii ardhi. Ningepata kitanda, hata kibovu, karibu na gari langu nilione, ningeendelea tu. Nataka siku ya kuacha gari niliache mimi. Lisiniache lenyewe."

Nilirudi ofisini na sentensi hiyo kichwani. Nikamwambia Bosi kwamba waamuzi wa mashindano watakuja na kamera, jambo ambalo lilikuwa kweli, na kwamba kamera haiwezi kupiga picha kitu kisichokuwepo. Akafikiri. Akaniuliza chumba gani. Nikasema stoo ya matairi. Ina dirisha linaloangalia yadi yote.

"Siku chache tu," Bosi akasema. "Matairi yangu yatakaa wapi mvua ikija?"

Mvua kwetu huwa haina haraka. Matairi yakatolewa. Fundi akapaka rangi huku akiimba kwamba yeye ni mchumba wa mwajiri bora. Vikaletwa vitanda viwili vya mbao, magodoro mapya yakiwa bado ndani ya nailoni zake, na feni. Mashuka nilinunua mimi. Nikachagua meupe. Katika yadi ya malori, penye oili na grisi na vumbi jekundu, mimi nilisimama dukani nikaona rangi inayofaa ni nyeupe. Nikayatandika juu ya nailoni zile zile, ili magodoro yasichafuke, nikakunja pembe mpaka zikakaa kama bahasha. Kisha nikachapa tangazo, nikalibandika mlangoni: VUA VIATU. NAWA MIKONO. USIKALIE SHUKA UKIWA NA NGUO ZA KAZI.

Kilikuwa chumba kizuri mpaka nikaogopa kukipumulia.

Waamuzi walichelewa kuja, na chumba kikakaa wazi, na hakuna aliyelala humo. Madereva walipita, wakavua viatu, wakachungulia, wakasema "Hapa sawa," wakavaa viatu, wakaondoka. Babu aliendelea na mkeka wake. Nilimwona kupitia dirisha la ofisi akikiangalia kile chumba kama mtu anavyoangalia nyumba ya jirani iliyoezekwa bati jipya. Nilijua ningepaswa kwenda kumuuliza, lakini shuka lilikuwa bado jeupe, na sehemu moja ya moyo wangu ilishukuru.

Wakati huo pia kulikuwa na kura za mashindano. Kila mfanyakazi alitakiwa kutuma meseji, na ndugu zake, na marafiki wa ndugu zake. Nikampigia mama yangu Mtinko, nikamwelekeza neno la kuandika na namba ya kutuma. Baada ya muda akanipigia, sauti imejaa fahari.

"Tayari mwanangu. Nimekupigia kura mimi, na shangazi yako, na jirani. Umepita?"

"Sigombei mimi, Mama. Ni Bosi."

"Bosi wako anagombea udiwani?"

"Hapana. Ni mwajiri bora."

Mama akasema kwa Kinyaturu jambo ambalo kwa Kiswahili ni kama kuuliza, sasa mimi huyo mtu namjulia wapi?

Hapo ndipo nilipoanza kusikia kitu kikilegea ndani yangu. Mama hajawahi kufika kwenye ile yadi. Shangazi hajui kama nafanya kazi kwenye malori au kwenye benki. Na kura zao, pamoja na ya jirani, zilikuwa zimekaa mahali fulani, zinahesabika kama furaha ya madereva. Nilifungua simu, nikaangalia tena wale watu waliovaa sare safi, nikajiuliza shangazi zao ni wangapi.

Waamuzi walikuja asubuhi moja, wawili: mama mmoja mtu mzima, mpole, amechoka na safari, na kijana wa kamera. Bosi aliwapeleka kwanza ofisini, halafu gereji, halafu, kabla hawajaona mengine, akawapeleka kwenye chakula. Palikuwa na kuku wa kienyeji wa mchuzi, ugali na mlenda. Kusema kweli, muda mrefu wa ukaguzi uliishia kwenye yule kuku. Mama yule alikula kwa heshima, akaongezwa, akakataa, akaongezwa tena. Walipoinuka kuelekea chumbani, nilikuwa nimetangulia kunyoosha pembe za mashuka, na madereva waliokuwepo walikuwa wamesimama mlangoni kwenye mstari, Babu mbele.

Mama mwamuzi akasoma tangazo langu lote, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akamgeukia Babu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Karibuni sana."

"Asante. Haya, tuambie. Hiki chumba chenu mnakionaje?"

Babu akatabasamu, akafungua mikono yote miwili kuelekea kitandani.

"Chetu? Hapana, mama. Ni chenu hiki. Tumewatunzia. Hakuna hata mmoja aliyekigusa."

Kijana wa kamera akashusha kamera. Bosi akaanza kuangalia feni kana kwamba anaiona kwa mara ya kwanza.

"Ninyi hamkitumii?" mama akauliza.

"Tutakitumiaje, na ninyi hamjafika?"

Alikuwa hatanii. Nikawatazama madereva wengine, wote wanatikisa vichwa kukubali, na ndipo nikaelewa. Nyumbani kwetu Mtinko kuna shuka moja ambalo mimi sijawahi kulilalia tangu nizaliwe. Linakaa sandukuni na dawa ya nondo, linatoka akija mchungaji au shangazi wa mbali. Vikombe vya kioo vipo kabatini, sisi tunanywea vya bati. Hakuna aliyetukataza, ukiona kitu kimetandikwa hivyo unajua siyo chako. Na mimi nilikuwa nimeweka kitanda cheupe kama cha mgeni, nikatangaza kwamba wageni wanakuja, nikaweka masharti mlangoni. Wale watu wazima wa barabara kuu walikisoma chumba changu sawasawa. Hakuna aliyekosea ila mimi.

"Karibu ujinyooshe, mama," Babu akaendelea. "Umetoka mbali. Barabara naijua."

Nilifumba macho. Nilipofumbua, mama mwamuzi alikuwa anavua viatu. Akaenda bombani, akanawa mikono kama tangazo lilivyoagiza. Akaketi ukingoni mwa kitanda, na nailoni ikalia kwa sauti ambayo nadhani ilisikika mpaka getini. Akacheka. Akajilaza, akasema ni dakika moja tu, na dirisha likamletea upepo, na kuku yule akafanya kazi yake. Tulitoka nje kwa kunyata. Kila alipojigeuza, nailoni ilitangaza.

"Huyo sasa," Fundi akanong'ona, "ndiye mwamuzi anayefanya utafiti."

Babu alikaa nje ya mlango kwenye kopo la rangi, akiwafukuza kwa ishara ya mkono wote waliotaka kuwasha injini.

Matokeo yalitangazwa kwenye hafla katika mji mwingine, ambako Bosi alikwenda na suti. Akatupigia simu kutoka huko, nikaweka sauti ya juu, tukazunguka meza yangu.

"Tumeshinda!" akapiga kelele. "Wa kwanza! Kipengele cha Ustawi wa Madereva! Wamesema tuna mazingira bora ya mapumziko!"

"Kweli kabisa, Bosi," Fundi akajibu. "Tuliyajaribu kwa mtu."

Baadaye Bosi akatuma picha ya pamoja. Jukwaa limejaa watu wa malori, mabasi, bodaboda za mizigo, wote wamevaa suti, wote wanatabasamu. Fundi akaikuza picha kwa vidole, akaisogeza kushoto, akaisogeza kulia, uso mmoja baada ya mwingine.

"Kila mtu ana kikombe," akasema. "Sasa aliyeshindwa ni nani?"

Sikumkasirikia safari hii. Nilicheka mpaka nikashika meza, kwa sababu nilikumbuka cheti changu cha mwezi na machozi yangu. Walikuwa wanazungushiana kama sisi, tofauti yao ni suti tu.

Babu ndiye hakucheka. Alisubiri wenzake watawanyike, akabaki mbele ya meza yangu, kofia mkononi.

"Mke wangu. Wageni wameshaondoka. Kile chumba kinarudi kuwa cha matairi?"

"Sijui, Babu."

Nilikuwa najua. Bosi alikuwa amenipigia tena, mimi peke yangu, akaniambia kwamba matairi mapya yanaingia siku ya kurudi kwake, stoo iwe tayari.

Niliandaa hotuba ya kumwambia Bosi. Niliiandika, nikaifuta, nikaiandika kwa heshima zaidi, nikaona imekuwa ya kujipendekeza, nikaifuta. Ilikuwa ikihusu haki za madereva na ilikuwa na aya nzuri sana ya mwisho. Mpaka leo sijaitoa. Badala yake nilichukua mkasi, nikaenda chumbani, nikavua yale mashuka, nikachana nailoni kutoka kwenye godoro lililo karibu na dirisha. Iling'oka kwa kelele, nikatandika shuka tena. Nikabandua tangazo. Kisha nikaenda kwenye trela.

"Babu, njoo."

Alisimama mlangoni, akavua viatu ingawa hakuna aliyemwambia.

"Nguo zangu zina oili."

"Naziona, Babu."

"Shuka lako?"

"Lako," nikasema bila kulitazama, maana lilikuwa jeupe sana.

Akakaa. Hakuna kilicholia. Akajilaza kwa uangalifu, kiuno kwanza, halafu mabega, akageuza uso dirishani kuliangalia gari lake. Akatoa pumzi ndefu, na kabla sijafika mlangoni alikuwa anakoroma.

Bosi alirudi kesho yake mchana na kikombe ndani ya gari na matairi nyuma yake. Vijana wa kupakua wakaanza kuyaviringisha kuelekea stoo, Bosi mbele anaelekeza. Mlango ulikuwa umeegeshwa. Akausukuma.

Babu aliinuka, akakaa kitandani, akatabasamu.

Bosi ana malori, ana suti, na sasa ana kikombe. Lakini mbele ya mzee aliyemwendesha baba yake hana lingine la kusema.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pole na safari. Karibu ndani." Babu akamwonyesha kitanda cha pili. "Vua viatu tu, mke wangu huyu hapa hapendi vumbi." Mke huyo ndiye mimi.

Nilimwona Bosi akiangalia viatu vyake. Nilimwona akiangalia nyuma, kijana wa kwanza na tairi lake kizingitini. Hakuna mtu wa kwetu anayekaribishwa chumbani kwa mtu mzima halafu akaingiza tairi. Alivua viatu. Akaingia, akakaa kwenye kitanda cha pili ambacho bado kilikuwa na nailoni, kikalia, naye akaruka kidogo.

"Hicho bado ni cha wageni," Babu akamweleza kwa upole.

Wakaongea. Sikusikia yote, nilisikia habari za mgongo, habari za marehemu mzee, na Bosi akicheka mara moja. Alipotoka alivaa viatu bila kunitazama.

"Matairi wekeni nyuma ya ofisi," akawaambia vijana. "Funikeni na turubai." Halafu akanigeukia mimi. "Na hicho kitanda kingine kitoe nailoni. Kinanidhalilisha."

Matairi yapo huko mpaka leo, nyuma ya ofisi, chini ya turubai ambalo upepo hulifungua na mimi hulifunga. Babu bado anaendesha. Anasema ataacha mwakani, kama alivyosema mwaka jana. Kikombe kiko mapokezi, na pembeni yake kuna cheti cha waandaaji ambacho Bosi aliniomba nikiweke kwenye fremu. Nilikikagua kwa makini kabla ya kukitundika. Mpaka wake wa dhahabu umepinda upande wa kushoto, vibaya kuliko wangu. Nimeuacha hivyo hivyo.

Shuka ndilo linanipa kazi. Pale panapolala kiuno cha Babu pana doa la grisi, kubwa kama sahani, ambalo sabuni zote za Singida zimelishindwa. Nikipita dirishani naliona, na mkono unaniwasha. Nimeshasimama pale mara nyingi na shuka jipya begani. Halafu namwona amelala, mdomo wazi, gari lake mbele ya macho yake, narudi nalo ofisini.